Maiti wa Sehemu ya Pili

Nakutegea, na usigeuze shingo kumwangalia mwenzako. Wamejaa nyumba tele, wote macho kwake. Huyu anacheka, yule anafuta machozi, naye hamwoni hata mmoja. Ni nani huyo?

Ukisema maiti, sikukatalii. Ukisema mtu wa kwenye sinema, napo sikukatalii. Lakini mimi nimemtega aliyekuwa yote mawili kwa mpigo, na huyo humjui. Basi nipe mji. Umenipa Ibadan? Haya, Ibadan nimekwenda, nikapokewa, nikala nikashiba, na huko nimemkuta Dotun, fundi wa friji, amekaa ukingoni mwa kitanda asubuhi moja ya kuelekea Krismasi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, hajui avae au avue.

Nje watoto walikuwa wamekwisha vaa zamani. Wuraola, binti yake wa miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni kama askari wa zamu, na mdogo wake Jola, ambaye hata shule ya maana alikuwa bado hajaanza, alikuwa anauzunguka ua akiimba kwamba leo ni leo. Siku hiyo walikuwa wameingoja mwaka mzima. Filamu ya kwanza ya ukoo wa Fowosere waliijua yote kichwani, kuanzia pale shangazi anapoanguka na sufuria ya mchuzi hadi pale bwana harusi anapokimbia na kuku wa watu. Na sasa sehemu ya pili imetoka, na humo ndani yumo baba yao. Wuraola alikuwa amelitangazia darasa zima. Darasa likautangazia mtaa. Ikawa Dotun hawezi kununua hata mkate pale njia panda bila kuulizwa, fundi, tunakuona lini?

Tena wote walitaka kujua amecheza kama nani. Hapo ndipo Dotun alipokuwa anakohoa. Alisema ni siri, mwongozaji amekataza, wangoje waone. Siri hiyo aliijua mkewe tu, Bisoye.

Dotun alikuwa amecheza maiti.

Tajiri wa ukoo ule, Otunba Fowosere, kwenye filamu ya kwanza alisikika kwenye simu tu, akikoroma na kuwanyima watu pesa. Kwenye hii ya pili analetwa nyumbani ndani ya jeneza, amevishwa nguo nyeupe, pamba puani, na ndugu zake wanagombana juu yake kushoto na kulia mpaka mwisho, ndipo inajulikana kwamba mzee hakufa, amejifanya, alitaka kuona nani atalia kweli. Waigizaji wenye majina walipoambiwa habari ya jeneza, kila mmoja alipata safari. Dotun hakuwa na jina. Miaka yote alikuwa anapewa vijisehemu vya kupita tu, leo mlinzi wa geti, kesho mnunuzi wa mafuta ya mawese. Alipoambiwa kwamba uso wake utaonekana filamu nzima, alikubali kabla mtu hajamaliza kusema. Mawazo yalimjia baadaye.

Kwa Wayoruba, wale watu wa michezo wana desturi yao, tangu enzi za mababu waliokuwa wanazunguka miji kwa lori na ngoma zao. Aliyelazwa kama maiti haachwi aamke hivi hivi kama mtu aliyetoka kusinzia mchana. Mchezo ukisimama, mtu husimama upande wa miguu yake akamwita kwa jina lake mwenyewe, si lile la mchezo, mara tatu. La tatu anaitika, anatoka, anaonjeshwa asali, anacheka mbele ya kamera ili ijulikane kwamba amerudi. Hapo ndipo watu wanapumua na kuendelea na kazi.

Siku ile Dotun aliporudi nyumbani kutoka kuigiza, ilikuwa bado msimu wa mvua, Bisoye alimuuliza neno moja tu: ulipotoka mle, nani alikuita? Dotun akaomba maji ya kuoga. Bisoye hakusahau. Ni mshonaji, na mshonaji akiona uzi unaning'inia hawezi kuuacha. Asubuhi hii, amekaa kwenye cherehani na kilima cha nguo za sikukuu za watu, pini mdomoni, alimuuliza tena. Dotun akasema watoto wanachelewa.

"Hujanijibu, Baba Wura," Bisoye alisema, na mguu wake ukarudi kwenye kanyagio.

Basi walikuwa wanatoka, yeye na watoto wawili tu, na moyo wake umeanza kutulia kidogo, ndipo geti likalia. Akaingia mama yake. Mama Agba, kama walivyomwita wote, amevaa lesi ya rangi ya zambarau, kilemba kimefungwa kikasimama, mtandio begani, mkoba mkubwa kwapani. Jola alikuwa amemwambia kwenye simu ya mama yake kwamba baba yumo kwenye filamu na leo wanakwenda kumwona. Mama Agba alisema haiwezekani mwanawe atazamwe na Ibadan nzima halafu yeye aliyemzaa awe wa mwisho kupata habari.

Dotun akarudi nyuma hatua moja.

Usimwone mjinga. Kwao mzazi haangalii maiti ya mwanawe. Haendi maziko, haonyeshwi kaburi, hata njia ya kwenda huko haipiti. Macho ya mzazi hayakuumbwa kwa hilo, na akiliona, yeye aliyeona na yule aliyeonwa, wote wawili balaa limewaingia. Na Mama Agba kufiwa na mwana kulikwisha kumfika. Alikuwa na mtoto wa kwanza, Lekan. Siku Lekan alipozikwa, yule mama aliwekwa kwa jirani, madirisha yamefungwa, na aliyeachwa akae naye ni Dotun, kijana mdogo, mkono wake umeshikwa na mama yake kutwa nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Tangu siku hiyo yule mama alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu wake, kila alfajiri, kwa sauti, ili na Dotun alisikie: unitangulize mimi.

Bisoye alimvuta mumewe pembeni, nyuma ya kamba ya nguo. Alimwambia amweleze mama yake kabla hawajapanda gari. Dotun akasema atamwambia. Bisoye akamwambia tena, sasa hivi. Dotun akasema njiani, njiani ni vizuri zaidi.

Njiani alijaribu. Alifungua mdomo walipopita soko, Jola akataka kujua kama ng'ombe wanaruhusiwa sinema. Alifungua tena kwenye foleni ya magari, na safari hii mama yake ndiye aliyemwahi, akamuuliza humo ndani yeye ni nani.

"Mtu mmoja wa ukoo ule," Dotun alisema.

"Mtu mzuri au mtu mbaya?"

"Mkimya."

Mama Agba akafurahi. Alisema ukimya ni jambo la heshima, marehemu baba yake Dotun naye alikuwa mkimya, na filamu za siku hizi zina makelele mno. Akampapasa mwanawe bega kutoka kiti cha nyuma. Dotun alitazama mbele. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni kana kwamba mtu amemfungulia bomba.

Akajiambia kwamba bado ana nafasi. Alikumbuka jinsi hadithi ilivyopangwa. Kwanza ilikuwa ndugu wanakula sherehe, kisha simu inapigwa, kisha vilio vya uongo, kisha safari ya Lagos, na jeneza linaingia ikiwa watu wamekwisha cheka sana. Muda huo wote angekuwa anahesabu matukio. Simu ikipigwa tu, angemwambia mama yake twende ukajinyooshe miguu, au angejifanya anaumwa tumbo, na uongo huo wala usingekuwa mkubwa. Wangekaa nje mpaka karibu na mwisho. Angemrudisha ndani pale maiti anapoamka na kupiga chafya. Mama angemwona amekaa, anapiga kelele, anawatupia watu maua. Basi. Angekuwa amemwona mzima.

Kwenye jumba la maduka palijaa watu kama wote wameambiwa leo ndiyo mwisho wa dunia na tiketi za kuingilia peponi zinauzwa hapo. Watoto wamevalishwa sare, familia nzima kitambaa kimoja. Mlinzi wa mlango wa sinema aliomba kuangalia mikoba, maana chakula cha nje hakiruhusiwi, na mkoba wa Mama Agba ulikuwa unanukia karanga za kuchemsha hadi barabarani. Alipoulizwa, Mama Agba alimuuliza yule kijana kwanza ni mtoto wa nani, wa mtaa gani, na kama mama yake hajambo. Kijana akajikuta anajibu yote. Alipomaliza kujibu, mkoba ulikuwa umekwisha ingia. Wuraola alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku nyingine Dotun naye angecheka.

Walikaa safu ya katikati. Jola pembeni, karibu na mama mmoja mnene aliyekuja na wajukuu zake, kisha Wuraola, kisha Mama Agba, kisha Dotun, karibu na njia, kama alivyotaka. Kiyoyozi kilikuwa kikali, lakini yeye alikuwa anajifuta uso. Mama yake akampa karanga. Akaitafuna moja kwa muda mrefu na haikushuka.

Taa zikazimwa.

Ngoma zikalia, majina ya watu yakapita, na kitu cha kwanza kabisa kilichotokea mbele yao, hakuna sherehe, hakuna simu, hakuna Lagos, ni uso wa Dotun. Walikuwa wameihamisha. Mwongozaji alikuwa ameona ni kichekesho zaidi kuanzia pale, kwenye jeneza. Uso mkubwa kama ukuta wa nyumba, umepakwa unga ukawa kijivu, macho yamefumbwa, pamba mbili puani, kitambaa cheupe kimefungwa kidevuni. Nzi wa kweli alikuwa anatembea kwenye paji la uso. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Baba," Jola alisema kwa sauti ya kujivunia. Halafu akaangalia vizuri. "Baba amekufa."

Watu wakacheka zaidi.

Dotun hakuangalia mbele. Alimwangalia mama yake. Mwanga wa ile picha ulikuwa umemwangukia usoni, na uso huo haukuwa na kitu, haukuwa na hasira wala mshangao, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkoba, kwenye karanga. Kisha akautoa polepole, akashika mtandio, akajifunika uso wote. Hakupiga yowe. Akainuka. Wuraola, ambaye alikuwa na akili kuliko umri wake, akainuka naye, akamshika kiwiko, na wawili hao wakaanza kupita mbele ya magoti ya Dotun kuelekea njia, bibi amefunikwa kama bibi harusi, mjukuu anamwongoza. Mtu wa nyuma akalalamika kwamba wanaziba. Dotun akasema, Mama.

Jola alikataa kutoka. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, anataka kuona baba anafanyiwa nini. Yule mama mnene akampakata bila kuombwa, akampa bisi, akamwambia Dotun nenda mwanangu, nenda kamtazame mzee, mtoto yuko kwangu. Alikuwa ameangalia uso wa Dotun, kisha ule wa mbele, kisha wa Dotun tena, na mkono aliomsukumia ulikuwa wa baridi.

Korido ilikuwa na zulia jekundu na taa kali. Mbali kidogo vijana walikuwa wanauza bisi. Mama Agba alikuwa amekaa kwenye benchi, amegeukia ukuta, mtandio bado usoni, na Wuraola amesimama kando yake hajui aweke wapi mikono. Kila mara mlango ulipofunguka kilitoka kicheko cha watu, na kila kicheko kilimtikisa yule mama mabega.

Dotun akafanya kile ambacho mwana wa Kiyoruba hufanya akimkosea mzazi. Hakufikiri. Akajitupa chini kifudifudi, mwili wote, kifua na tumbo kwenye zulia, aombe radhi. Mama yake hakuwa anaona, lakini alisikia tumbo likigonga sakafu.

"Usilale," alisema. Sauti yake ilitoka nzito chini ya kitambaa. "Leo usilale mbele yangu. Nyanyuka."

Dotun akanyanyuka. Tangu azaliwe hakuwahi kumwomba mama yake msamaha akiwa amesimama, na sasa miguu haikujua kazi hiyo. Alianza kueleza. Alisema ni mchezo tu, ni kichekesho, yule tajiri hafi, mwishoni anaamka, anapiga chafya, watu wanakimbia, ni jambo la kucheka. Alisema alitaka kumwambia. Alisema gari, foleni, ng'ombe wa Jola. Alikuwa anasema haraka haraka kama mtu anayemwaga maji kwenye moto. Wuraola alikuwa anamwangalia baba yake kwa namna ambayo hakuwahi kumwangalia, kama anaona kwa mara ya kwanza kwamba naye ni mtoto wa mtu.

Mama Agba alimwacha mpaka akaishiwa. Kisha akamuuliza. Na lilikuwa lile lile la Bisoye, maana naye utotoni aliyafuata sana yale malori ya michezo, alijua mambo yao.

"Mlipomaliza. Nani alikuita?"

Dotun alikuwa na jibu lake, amelitengeneza siku nyingi. Angesema mwongozaji ndiye aliyemwita. Au mpiga ngoma mmoja mzee. Lilikuwa pale pale ulimini, na lingemfuta mama yake machozi papo hapo, na lingewarudisha wote ndani wakaangalie filamu. Akalionja. Akaona hawezi kumpa.

Akamweleza. Siku ile jenereta ilizimika katikati ya kazi, na papo hapo gari la chakula likafika, wali na nyama. Watu walikuwa hawajala tangu alfajiri. Kila mtu alikimbilia nje, mwongozaji naye, aliyeshika asali naye. Hakuna aliyekumbuka kwamba mle sandukuni yumo mtu. Yeye alikuwa amelala muda mrefu, amefumba macho muda mrefu, joto lilikuwa limezidi, na usingizi ulimchukua. Usingizi kweli, wa kukoroma. Mbu ndiye aliyemwamsha. Akajikuta peke yake gizani, pamba puani, hajui yuko wapi. Akatoka mwenyewe. Alipofika nje wakamcheka, wakamwambia maiti, chakula chako tumekula, na yeye akacheka pamoja nao, kazi ikaendelea. Aliona haya kudai aitwe, kama mtoto.

"Hakuna aliyeniita, Mama," alisema. "Na tangu siku hiyo silali vizuri. Nikipata usingizi nashtuka, natafuta ukuta."

Hilo hata Bisoye alikuwa hajaambiwa.

Mlangoni kicheko kilitoka tena, kirefu. Mmoja wa vijana wa bisi alikuwa ameacha kazi na kuwaangalia. Dotun alingoja. Alifikiri labda mama yake atasema sasa ndiyo basi, umenifanyia lile ambalo nimeomba miaka yote nisifanyiwe. Aliwaza kwamba itabidi wampeleke nyumbani na kitambaa hicho hicho usoni, na kwamba pengine hatakifunua tena mbele yake. Wuraola akamshika baba yake kidole kimoja.

"Miezi yote hiyo," Mama Agba alisema mwisho, "unatembea mjini. Unatengeneza friji za watu. Unakula. Na hujaitwa."

"Ndiyo, Mama."

"Simama hapo. Usiitike mpaka la tatu."

Akainuka, bado amefunikwa. Akapapasa mpaka akajua miguu ya mwanawe iko wapi, akasimama upande wa vidole vya viatu. Akamwita. Hakumwita Dotun, jina la watu wote. Alimwita Alao, jina lake la sifa, lile ambalo mama humbembelezea mtoto akiwa mgongoni na ambalo mtu mzima hulisikia kwa mama yake tu. La kwanza lilikuwa dogo kama mtu anayepima sauti. La pili lilikuja na sifa za watu wake, wafuma nguo wa mji wa vilima, wenye vidole visivyochoka, mwana wa mkimya aliyejenga bila kupiga kelele, na likapita kwenye korido hadi kwenye ngazi. Watu waliokuwa wanapanda wakasimama. Mlinzi yule wa mikoba akaja anatembea haraka, alipofika karibu akapunguza mwendo, akavua kofia.

La tatu Mama Agba aliliita kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Naam, Mama," Dotun akaitika, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikapasuka katikati.

Hapo mama yake akafunua uso. Hakuanza na macho yake. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda magoti, mkanda, kifungo kwa kifungo, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kulipa. Alipofika usoni akamshika kidevu, akakiinua kwenye mwanga wa taa, akamchungulia pua zote mbili. Alipoona hamna pamba, akakiachia kidevu. Asali hakuwa nayo. Akamwambia Wuraola akachukue kitu chochote kitamu kwa wale vijana, na kijana wa bisi, bila kuulizwa, akaja mwenyewe na kikopo kidogo cha sharubati ya sukari wanayoimwagia bisi. Mama Agba akachovya kidole, akampaka mwanawe ulimini mbele za watu, mtu mwenye upara na watoto wawili.

"Sasa," akasema, "twende ukanionyeshe huyo mjinga aliyelala."

Waliporudi ndani alimshika Dotun kifundo cha mkono na hakukiachia. Mbele yao ndugu wa Fowosere walikuwa wanavutana jeneza, na kila uso ule wa kijivu ulipotokea, vidole vya mama vilikaza. Aliangalia kwa jicho la pembeni, nusu mbele, nusu kwake, akilinganisha, kama hajaamini bado kwamba ni wawili. Dotun naye hakutulia. Kila mara alifikiri sasa atainuka tena. Pale shangazi alipomkalia maiti tumboni akitafuta funguo, ukumbi wote uliinama kwa kucheka, na mama yake hakucheka. Alimkaza tu, mkono ukaanza kufa ganzi kama zamani kwa jirani. Akauacha ufe.

Mwisho Otunba akapiga chafya. Pamba zikaruka moja huku moja huku, moja ikaingia kwenye kinywa cha mpwa aliyekuwa anahutubia. Akakaa wima kwenye jeneza, akauliza nani amekula kuku wangu. Jola alipiga makofi, amesimama mapajani mwa yule mama mnene, akawa anawaambia watu wa nyuma kwamba huyo ni baba yake, na kwamba huyu hapa pia ni baba yake. Kitu kikatoka kwa Mama Agba, Dotun hakujua kama ni kikohozi au kilio. Kilikuwa kicheko. Kilianza kama hakitaki, kikamshinda, mtandio ukaanguka chini na yeye hakuinama kuuokota. Lakini mkono hakuuachia mpaka taa zilipowashwa.

Bisoye alikuwa bado kwenye cherehani waliporudi, kilima cha nguo kimepungua kidogo tu. Waliingia wote kwa pamoja. Jola alilala chini katikati ya vipande vya vitambaa awaonyeshe jinsi baba alivyokufa, na bibi yake akamwinua kwa sikio kabla hajafumba macho, akamwambia mchezo huo hauchezwi nyumbani. Wuraola alieleza habari ya mlinzi na karanga. Mama Agba alieleza habari ya chafya, akaieleza tena kwa kuwa mara ya kwanza hakuifanya vizuri, kisha akakaa, akavua viatu, akaomba maji.

Habari ya korido hakuna aliyeigusa. Bisoye alikuwa anasikiliza huku anashona, anaangalia mkono wa mumewe, alama nyekundu za vidole kwenye kifundo. Akaondoa mguu kwenye kanyagio. Sindano ikasimama ndani ya kitambaa.

"Baba Wura," alisema, polepole, ili watoto wasikatishe maneno yao. "Bado nangoja."

Dotun akavuta kigoda, akakaa karibu na mkewe.

"Mama," alisema. "Mama ndiye aliyeniita."